Baada ya Ndiyo na Hapana: nimwombe radhi baba mdogo?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Nchi yetu ilipiga kura ya maoni miezi saba iliyopita, na upande niliouunga mkono ulishindwa kwa tofauti ndogo sana. Baba yangu mdogo, aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa, alikuwa upande wa pili. Siku matokeo yalipotangazwa nilimwambia mbele ya ndugu kwamba ameuza mustakabali wetu, naye akanijibu kwamba kusoma kwenu ndiko kulikowapoteza. Tangu hapo ni salamu tu. Ofisini nako wenzangu wawili waliokuwa marafiki hawasemezani kwa sababu hiyo hiyo. Wapo wanaonishauri niombe radhi, lakini siwezi kuomba radhi kwa jambo ninaloliamini. Wengine wanasema tunyamaze mpaka mambo yapoe. Je, hakuna njia nyingine? Na nikiendelea kudai uamuzi ule uangaliwe upya, nitakuwa nabomoa kile ninachotaka kukijenga?"

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kwa kuwa naona umekaa na swali hili kwa muda mrefu, nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Mwombe baba yako mdogo radhi kwa sentensi uliyoitamka. Usimwombe radhi kwa kura uliyoipiga. Hayo ni mambo mawili, na kwa miezi saba yamefungwa katika furushi moja, ndiyo maana kila ukitaka kulibeba unaliona zito kuliko nguvu zako. Kura ni haki yako na dhamiri yako, na hakuna mzee, mwalimu wala jirani anayestahili kuombewa radhi kwa ajili yake. Sentensi ni kitu ulichomtupia mtu aliyekulea, mbele ya watu wanaomheshimu.

Itazame ile sentensi kwa makini. Ulisema ameuza mustakabali wetu. Neno kuuza halielezi kosa la kufikiri. Linadai kwamba palikuwa na malipo, na kwamba aliyeyapokea alijua anachokitoa. Mtu aliyekosea hesabu haitwi muuzaji. Kisha lipo lile neno "wetu". Ulipolitamka ulikuwa umeshamtoa mzee wako nje ya duara: mustakabali una wenyewe, naye si mmoja wao. Alipokujibu hakukujibu wewe peke yako. Alisema "kusoma kwenu", kwa wingi, kwa sababu ulikuwa umeshamwonyesha kwamba anazungumza na kundi. Kwa sentensi mbili fupi mliacha kuwa mtu na baba yake mdogo, mkawa wajumbe wa kambi mbili, na hakuna hata moja kati ya sentensi hizo iliyogusa swali lililoandikwa kwenye karatasi ya kura.

Katika ugomvi wa namna hii huwamo mabishano kadhaa yanayosemwa kwa pumzi moja. Limo bishano kuhusu uhalali, yaani kama kampeni zilikuwa za haki na kura zilihesabiwa sawasawa. Limo bishano kuhusu maana ya matokeo. Limo bishano kuhusu kinachopaswa kufanywa sasa. Na limo bishano kuhusu wewe ni mtu wa namna gani hata ukapiga kura ile. Matatu ya kwanza yana ushahidi unaoweza kuletwa mezani, hata kama hautamaliza ubishi wote. Hilo la nne halina ushahidi unaoweza kulimaliza, kwa kuwa kila jibu utakalolitoa kuhusu moyo wako mwenzio anaweza kulikataa, na bahati mbaya ndilo linalomeza mengine yote. Kazi kubwa iliyo mbele yako ni kulitoa hilo la nne katikati yenu ili yale mengine yapate nafasi.

Unaweza kujiuliza kwa nini hamkufikishana hapa katika chaguzi zote zilizopita. Kura ya maoni ina tabia zake. Uchaguzi wa kawaida humpa aliyeshindwa vitu vingi vya kujifariji: mbunge wa upande wake aliyepita mahali pengine, upinzani bungeni, na zaidi ya yote tarehe ya uchaguzi ujao. Tena humpa mtu wa tatu wa kumlaumu, kwa sababu ahadi ikivunjwa tunamlaumu mgombea, hatumlaumu jirani aliyemchagua. Kura ya maoni haina mgombea. Swali lina majibu mawili, anayeamua ni mpiga kura mwenyewe, na mara nyingi hakuna tarehe ya kurudia, hivyo aliyeshindwa anapotafuta wa kumlaumu humkuta mwananchi mwenzake, na wakati mwingine humkuta sebuleni. Aidha, watu wa nyumba moja mara nyingi huwa wa chama kimoja, au angalau wameshazoea tofauti zao za vyama. Swali la kura ya maoni hukata vyama katikati, na kwa hiyo hukata nyumba ambazo hazikuwahi kugawanyika na hazina uzoefu wa kugawanyika.

Mfano uliochunguzwa kwa undani zaidi ni wa Uingereza, ambako tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 ya wapiga kura waliamua nchi yao iondoke katika Umoja wa Ulaya na asilimia 48.1 wakataka ibaki. Watafiti Sara Hobolt, Thomas Leeper na James Tilley walifuatilia namna watu walivyojitambulisha baada ya kura hiyo, wakakuta kwamba "kubaki" na "kuondoka" vimekuwa majina ya watu, na kwamba majina hayo yamepita katikati ya vyama vikuu badala ya kufuata mipaka yake. Walipowauliza watu kuhusu sifa za kila upande, wahojiwa waliwaona wa upande wao kuwa waaminifu, wenye akili na wenye fikra pana, na wa upande wa pili kuwa wabinafsi, wanafiki na wenye fikra finyu. Miaka michache kabla ya hapo, wengi wa watu hao hawakuwa wakilifikiria suala la Umoja wa Ulaya kwa namna yoyote ya pekee. Utambulisho huo ulizaliwa na swali lenyewe.

Wala jambo hili halihitaji suala zito ili litokee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Bristol, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi mawili, akawaambia kwamba mgawanyo umetokana na mchoraji waliyempenda kati ya Klee na Kandinsky, ingawa kwa kweli waligawanywa kwa bahati nasibu. Walipopewa nafasi ya kuwagawia wenzao alama zilizokuwa na thamani ya fedha, bila kujua majina ya wanaogawiwa, waliwapendelea wa kundi lao; na mara nyingi walikuwa tayari kundi lao lipate kidogo, alimradi wale wengine wapate pungufu kuliko wao. Ikiwa mchoraji asiyewahusu aliweza kufanya hayo kwa dakika chache, usishangae kwamba swali kuhusu hatima ya taifa, lililopigiwa kelele kwa miezi mingi ya kampeni, limefanya zaidi nyumbani kwenu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kukumbuka mfano wa karibu zaidi. Wakenya walipopigia kura rasimu ya katiba tarehe 21 Novemba 2005, tume ya uchaguzi iliwapa Ndiyo alama ya ndizi na Hapana alama ya chungwa, kusudi hata asiyejua kusoma aweze kuchagua bila kusaidiwa. Nia ilikuwa njema. Lakini haikuchukua muda kabla ya tunda kuwa jina la mtu, kiasi kwamba kujua jirani ni ndizi au chungwa kulitosha kumweka mahali pake bila kumuuliza kifungu gani cha rasimu amekikubali na kipi amekikataa. Hapana ilishinda kwa takriban asilimia 58, Rais Mwai Kibaki akalivunja baraza lake la mawaziri siku mbili baadaye, na chungwa likabaki kuwa jina la chama kipya cha siasa. Sisemi kwamba tunda lilizaa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100. Mizizi ya ghasia zile ilikuwa mingi na mirefu, ikiwemo ardhi na mzozo wa matokeo yenyewe. Ninachosema ni kwamba mistari iliyochorwa na karatasi ya kura haikufutika kura zilipokwisha kuhesabiwa, na waliokuwa na haja ya mistari waliikuta tayari.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naliona kuwa muhimu kuliko yote katika barua yako, ingawa hukuliuliza: unaamini unajua kwa nini baba yako mdogo alipiga kura alivyopiga. Karatasi ya kura haina nafasi ya kuandika sababu. Inapokea alama moja, na chini ya alama hiyo hujikusanya watu wenye hofu, matumaini na hesabu zisizofanana hata kidogo. Kolombia ilitoa somo kali kuhusu hili. Mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa FARC ulitiwa saini mjini Cartagena tarehe 26 Septemba 2016, na siku sita baadaye wananchi waliulizwa kama wanaukubali. Hapana ilishinda kwa kura zisizofika 54,000 kati ya takriban milioni 13, huku waliojitokeza wakiwa chini ya asilimia 38 ya walioandikishwa. Ilikuwa rahisi kusema kwamba nusu ya nchi imeikataa amani, na wengi walisema hivyo kwa machozi, hasa walipoona kwamba sehemu kama Bojayá, iliyoumizwa vibaya na vita, ilikuwa imesema Ndiyo kwa asilimia 96. Lakini wapinzani wa mkataba waliposikilizwa ilidhihirika kwamba wengi wao hawakuikataa amani. Walikataa masharti mahususi, kama vile adhabu nyepesi kwa makamanda wa waasi na viti vya bunge walivyohakikishiwa. Wajumbe walirudi mezani, mapendekezo mengi ya waliosema Hapana yakaingizwa, na mkataba uliorekebishwa ukatiwa saini tarehe 24 Novemba mwaka huo huo. Wapinzani wakuu hawakuridhika nao, na sitaki kukupa picha kwamba kila mtu alikumbatiana. Hata hivyo, kama serikali ingeshikilia kwamba Hapana ni chuki ya amani, isingekuwa na cha kujadiliana na mtu yeyote.

Na wewe fanya vivyo hivyo. Wewe unajua alama aliyoiweka baba yako mdogo. Hujui sentensi aliyoisema moyoni alipoiweka. Pengine kuna ahadi aliyowahi kupewa na serikali ikavunjwa, akaapa kutoamini tena maneno ya namna ile. Huenda pia alikuwa akifikiria jambo lile lile unalolifikiria wewe, yaani maisha yako baada ya yeye kuondoka, akafikia jibu tofauti. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma matokeo, wala kwa kuwasikiliza wanasiasa wa upande wake, ambao kila mmoja anadai kuzungumza kwa niaba ya mamilioni. Mwamba ngoma, walisema wahenga, ngozi huvutia kwake, na washindi wa kura ya maoni wana ngozi ndefu ya kuvuta, kwa sababu neno moja la Ndiyo au Hapana linaweza kufasiriwa karibu vyovyote. Waingereza walitumia zaidi ya miaka mitatu wakibishana kuhusu maana ya kuondoka, na nchi iliondoka rasmi tarehe 31 Januari 2020 huku hata walioshinda hawakubaliani kwamba walichokipata ndicho walichokipigia kura.

Kutokana na hayo, nakusihi usiende kwa mzee na takwimu. Najua una nyingi, na najua zina uzito. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanafunzi waliotofautiana kuhusu adhabu ya kifo ripoti zile zile za utafiti, moja ikiunga mkono na nyingine ikipinga. Tungetarajia wasogeleane, lakini kila upande uliiona ripoti inayoupendeza kuwa imara na ile nyingine kuwa na kasoro, na mwishowe wakaeleza kwamba msimamo wao umeimarika. Hawa walikuwa vijana wa chuo kikuu waliokaa kwa utulivu na karatasi mbele yao. Mzee uliyemwaibisha mbele ya ndugu hatazisoma tarakimu zako. Atausikia ndani yake mwangwi wa ile sentensi ya mwanzo, kwamba wewe umesoma na yeye hakuelewa. Tarakimu zina siku yake, nayo ni siku ambayo yeye mwenyewe atakuuliza.

Kilicho na nafasi ya kufanya kazi ni mazungumzo ambayo mtu haulizwi ajitetee. Mwaka 2016 David Broockman na Joshua Kalla walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Miami, ambako watu waliokwenda mlango kwa mlango walizungumza na wenyeji kwa takriban dakika 10 kuhusu kundi la watu wanaobaguliwa. Hawakuhubiri. Waliuliza, wakasikiliza bila kuhukumu, na wakamwomba mwenyeji akumbuke wakati ambapo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti. Mabadiliko ya mtazamo hayakuwa ya kila mtu, lakini yalionekana, na yalikuwa bado yapo miezi mitatu baadaye. Nakutajia utafiti huu kwa tahadhari moja, kwa sababu lengo lako si kumgeuza baba yako mdogo awe wa upande wako, na ukienda na lengo hilo atalinusa kabla hujaketi. Chukua tu namna ya kuuliza. Muulize alikuwa akihofia nini, na lini katika maisha yake aliona jambo linalofanana na hilo likitokea. Kisha, na hapa ndipo wengi hushindwa, mrudishie maelezo yake kwa maneno yako mpaka aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomaanisha." Kabla hajasema hivyo, usieleze upande wako.

Usifanye hayo kwenye kundi la familia katika simu, wala mbele ya ndugu wale wale. Maandishi hayana uso wala sauti, na mbele ya hadhira kila mtu hulinda heshima yake kwanza na ukweli baadaye. Kwa upande mwingine, radhi yenyewe ina kanuni iliyo kinyume kidogo: kwa kuwa ulimvunjia heshima mbele ya watu, radhi ya faraghani peke yake itabaki nusu. Anza naye mkiwa wawili, kisha muulize kama angependa ndugu waliosikia lile neno wajue kwamba umeliondoa. Mwachie yeye aamue. Wazee wengine hawapendi jambo lifufuliwe, na hilo ni haki yao. Unapoomba radhi, litaje neno lenyewe. Useme kwamba ulisema ameuza, na kwamba halikuwa neno la kweli wala la haki kwake. Ukisema kwa ujumla kwamba unaomba radhi kama amekwazika, utakuwa umemrudishia mzigo yeye, kana kwamba kosa ni wepesi wake wa kukwazika. Na usingoje naye aombe radhi kwa lile neno lake kuhusu kusoma. Lilikuuma, nami naona lilikuwa neno la uonevu kwa kijana aliyesomeshwa na yeye mwenyewe, lakini radhi inayotolewa kwa sharti la kulipwa ni biashara. Siku nyingine, mkishapata tena lugha yenu, unaweza kumwambia kwamba neno lile lilikuumiza.

Ushauri wa kunyamaza mpaka mambo yapoe sitaudharau, kwa sababu kuna kimya chenye faida. Wiki za kwanza baada ya matokeo kimya ni dawa, na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini miezi saba si wiki za kwanza. Kimya kinachodumu hivyo hakiachi mambo kama yalivyo, kwa maana kila mmoja wenu anaendelea na mazungumzo peke yake kichwani, na katika mazungumzo hayo mwenzake huwa mbaya zaidi kuliko alivyo.

Kwa wenzako wa ofisini nina machache, kwa kuwa wao si damu yako na hukuwakosea. Usiwapange wakae chini wazungumze. Muzafer Sherif aliwachunguza wavulana 22 katika kambi ya mapumziko huko Oklahoma mwaka 1954, akaona kwamba kuyakutanisha makundi mawili yaliyohasimiana ili yale chakula au yatazame filamu pamoja kuliwapa tu nafasi ya kutukanana karibu zaidi. Uhasama ulianza kupungua walipokabiliwa na kazi ambayo hakuna kundi lililoweza kuimaliza bila jingine, kama kurekebisha mfumo wa maji uliokwama. Ikiwa una mamlaka ya kugawa kazi, wape kazi moja isiyohusiana na siasa inayowahitaji wote wawili. Ikiwa huna, angalau usiwe mbebaji wa maneno kati yao.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike kwa urefu huu, kwa sababu wengi wanaoshindwa katika kura ya maoni huambiwa kwamba demokrasia inawataka waache kuamini walichokiamini. Si kweli. Demokrasia humtaka aliyeshindwa akubali kwamba uamuzi umefanywa kihalali na kwamba sheria zitakazotokana nao zinamfunga. Haimtaki akubali kwamba uamuzi ni mzuri, wala kwamba usiguswe milele. Waairishi waliulizwa mwaka 1986 kama katiba yao iruhusu talaka, na zaidi ya asilimia 63 wakakataa. Waliulizwa tena Novemba 1995, wakakubali kwa asilimia 50.28, tofauti ya kura 9,114 tu nchi nzima. Mwaka 2019 walipoulizwa kama masharti ya talaka yalegezwe, zaidi ya asilimia 82 walikubali. Walioshindwa mwaka 1986 hawakunyamaza, na walioshindwa mwaka 1995 walibaki na haki yao ya kusema kwamba nchi imekosea. Katika miaka ile yote watu waliishi, waliona kilichotokea na kisichotokea, na hofu nyingi zilipimwa na maisha yenyewe. Nchini Kenya, William Ruto aliongoza kampeni ya Hapana dhidi ya katiba iliyopitishwa tarehe 4 Agosti 2010 kwa takriban theluthi mbili ya kura. Septemba 2022 alikula kiapo cha urais akiapa kuilinda katiba hiyo hiyo.

Jambo linalobomoa ni namna ya kueleza kushindwa. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1995, baada ya wananchi wa Quebec kukataa kujitenga na Kanada kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42, kiongozi wa jimbo hilo Jacques Parizeau aliwaambia wafuasi wake kwamba wameshindwa na fedha na kura za kikabila. Wahamiaji na watu wa jamii ndogo waliosikia hotuba hiyo walielewa kwamba kura zao hazikuhesabiwa kuwa za wenyeji kamili, na wengi hata katika kambi yake mwenyewe waliona aibu. Kesho yake alitangaza kujiuzulu. Alikuwa amebakiza haki yote ya kuendelea kuidai Quebec huru, kama wengine walivyoendelea kuidai baada yake. Alichokipoteza ni uwezo wa kuzungumza na wale ambao siku moja angewahitaji. Nadhani unaona kwa nini nimelikumbuka neno lako "wetu" nilipokuwa nikiandika mistari hii.

Zanzibar walifuata utaratibu ambao natamani nchi nyingi zingeuiga. Miaka mingi ya uhasama wa kisiasa ilikuwa imeingia hadi katika mahusiano ya majirani. Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Novemba 2009, wakazungumza kwanza, na ndipo tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 walisema Ndiyo. Maridhiano hayo yalitikisika vibaya baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, na serikali ya umoja haikurudi mpaka Desemba 2020, hivyo siyatoi kama hadithi iliyokwisha vizuri. Nayataja kwa sababu ya mpangilio: mazungumzo yalitangulia swali. Nchi yenu ilianza na swali, na sasa mazungumzo yanabaki kazi ya watu wa kawaida kama wewe, bila ulinzi wala posho.

Kwa hiyo endelea kudai kile unachokiamini. Kama kuna waraka wa kutia saini, utie. Kama kuna maandamano halali, nenda. Ila usimwache baba yako mdogo akusikie kwa watu au akuone kwenye picha. Mwambie wewe mwenyewe siku moja kabla, kwa utulivu, kwamba kesho utakuwa mahali fulani kwa sababu fulani, na kwamba hukuja kumwomba ruhusa wala kumbishia, umekuja ili asipate habari zako kutoka kwa wengine. Akikasirika, mwache akasirike. Kisha siku inayofuata nenda ukamjulie hali kama kawaida, na akikuuliza maandamano yalikuwaje, mweleze.